Mfungaji Akiondoka, Mashuti Yake Anarithi Nani?

Assalamu alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za jioni, makocha wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma kwenye mabenchi ya kuazima.

Mwenyekiti amenipa swali ambalo kila mmoja humu ameshabishana nalo, kama si kijiweni basi ndani ya daladala: timu ya kikapu ikimkosa mfungaji wake mkubwa, inadhoofika au inapona? Naona wengine mnacheka. Mnacheka kwa kuwa kila mmoja ana kijana wake kichwani, na pengine kijana mwenyewe yumo humu ndani.

Nianze na aibu yangu. Miaka mingi nyuma nilikuwa nafundisha timu ya sekondari moja ya pwani. Nilikuwa na mfungaji ambaye simtaji jina, sasa ni baba wa watoto na atanipigia simu usiku huu huu. Nusu ya pointi zetu zilikuwa zake, au ndivyo nilivyoamini, maana sikuwa naandika chochote, na hilo lenyewe ni kosa. Mfumo wangu wote wa kushambulia ulikuwa neno moja: "Mpe!" Mpira ukivuka mstari wa kati, mimi pembeni napaza sauti, "Mpe! Mpe!" Hata wapinzani walijua. Mashabiki wao walikuwa wanaitikia pamoja nami.

Asubuhi ya nusu fainali kijana akaamka na malaria. Nilimkuta bwenini chini ya blanketi mbili, meno yanagongana. Nikaenda uwanjani kama mtu anayekwenda mazikoni. Tukashinda kwa pointi 11.

Nilichokiona siku ile si ushindi, ni mikono. Kila siku mfungaji wetu akiwa na mpira, wale wanne wengine mikono ilikuwa kiunoni, au wameshika kaptura, wanatazama sinema. Siku ile mikono yote ilikuwa kifuani, viganja wazi, vidole vimetanuka. Kulikuwa na kijana mwembamba, anatumia kushoto, niliyemweka kwa ajili ya ribaundi tu, yaani kudaka mipira iliyokosa ringi. Akapata mpira kwenye kona, akatafuta wa kumpa, hakumwona, akashuti. Mpira ukagonga ringi mara mbili ukaingia. Akageuka kunitazama mimi benchi kama mtoto aliyevunja glasi ya wageni.

Fainali ilikuwa baada ya siku mbili. Mgonjwa akarudi, bado anameza vidonge, nami nikamwingiza. Dakika ya pili tu, mikono ikarudi kiunoni. Tukafungwa. Kwenye lori tukirudi, kila mtu ananiambia, "Mwalimu, bila yule kombe lilikuwa letu." Na mimi niliamini hivyo kwa miaka. Leo naamini nusu yake, na hiyo nusu ndiyo nimekuja kuieleza.

Twende Memphis, Marekani. Watanzania tunaijua Memphis kwa sababu ya Hasheem Thabeet, aliyechukuliwa na Grizzlies mwaka 2009 akiwa wa pili katika uteuzi mzima wa wachezaji wapya, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Watu hapa mjini walikuwa wanakesha mpaka saa tisa na saa kumi za usiku kumtafuta kwenye televisheni, na mara nyingi walichokiona ni benchi. Lakini katika kumtafuta Thabeet, tulimjua Rudy Gay. Mrefu, mwepesi, anaruka kama amesukumwa na chemchemi, na anapenda kushuti. Mwaka 2010 alipewa mkataba wa miaka 5 wa zaidi ya dola milioni 80.

Februari 2011 Gay akaumia bega, msimu ukaishia hapo. Memphis wakaingia mtoano wakiwa nafasi ya 8, wakapangiwa San Antonio Spurs waliokuwa nafasi ya 1. Kumbukeni hii ni timu iliyokuwa imeingia mtoano mara 3 na kupoteza michezo yote 12. Bila Gay wakawatoa Spurs kwa michezo 4 kwa 2, maana kule anayetangulia kushinda minne ndiye anayepita, kisha wakawafikisha Oklahoma City mpaka mchezo wa 7. Mwaka uliofuata Gay amerudi, mzima. Mchezo wa kwanza wa mtoano dhidi ya Clippers walikuwa mbele kwa pointi 24 katika robo ya nne, wakafungwa kwa pointi 1, na mwishowe wakatolewa raundi ya kwanza. Januari 2013 wakamuuza Toronto. Siku wanamuuza ndiye aliyekuwa akiongoza kwa pointi, na timu ilikuwa imeshinda 29 na kupoteza 15. Baada ya hapo wakashinda 27 na kupoteza 11, wakafika fainali ya Kanda ya Magharibi kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Haya, nani bado anabisha? Inuka.

Mimi nabisha. Turudi Februari 2011. Mwezi ule ule Gay alipoumia, Memphis walimtoa mtu mwingine: Thabeet wetu, akapelekwa Houston, na badala yake akaja Shane Battier, mzee wa kazi, mzuiaji, asiyepoteza mpira. Mchezo wa kwanza dhidi ya Spurs, zikiwa zimebaki kama sekunde 24, ni nani aliyepiga pointi tatu iliyowapa Memphis ushindi wao wa kwanza kabisa wa mtoano? Battier. Na upande wa pili Manu Ginobili hakucheza siku hiyo, alikuwa majeruhi. Kwa hiyo timu ilikuwa nzuri bila Gay, au ilikuwa nzuri na Battier, au Spurs walikuwa wabaya bila Ginobili? Nikitaka kuwachokoza naweza hata kusema ilikuwa nzuri bila Thabeet, ila nitapigwa mawe kabla sijafika kituoni.

Mchezaji hatolewi timu kama tarakimu inavyotolewa kwenye ubao wa darasa. Akiondoka, huja mtu, au hupanda mtu, au mpinzani hubadilika. Hata mwaka 2013, njia ya Memphis ilipita kwa Oklahoma City ambao Russell Westbrook wao alikuwa ameshaumia goti. Ukisimulia Gay tu, umesimulia ndoa kwa kumtaja bibi harusi peke yake.

Sasa nije kwenye kiini, na hapa naomba nitumie nazi.

Nani humu hajawahi kukuna nazi? Ukikuna ukakamua mara ya kwanza unapata tui zito, lile la kuweka mwisho kwenye mchuzi. Ukitia maji ukakamua tena, unapata tui jepesi, la kuchemshia. Ukilazimisha mara ya tatu na ya nne unakamua chicha, na kinachotoka ni maji yaliyopakwa chokaa. Nazi ni ile ile. Aliyekosea ni mkamuaji.

Mashuti ya mfungaji ni hivyo. Yale kumi ya kwanza ni tui zito: ameachwa peke yake, amekatiza mbio, amepata mpira mahali anapopapenda. Matano yanayofuata mzuiaji ameshamjua. Yale ya mwisho anashuti wawili wamemning'inia, saa ya kushuti inakimbilia sifuri, na wenzake mikono kiunoni. Sisi makocha tukihesabu, tunachanganya yote kwenye sufuria moja. Tunasema, "Kijana anaingiza asilimia 45, hakuna mwingine anayefika hapo, basi ashuti yeye." Lakini shuti ninalotaka kulijua ni lile la kumi na tisa. Je, hilo la kumi na tisa ni bora kuliko shuti la kwanza la yule mwembamba wa kushoto, aliyesimama peke yake kwenye kona?

Kuna mwanafizikia wa Marekani, Brian Skinner, aliyeandika makala mwaka 2010 akilinganisha jambo hili na foleni za magari. Kila dereva akichagua barabara iliyo fupi kwa macho yake, barabara ile inajaa, na wakati mwingine ukiifunga kabisa magari yote yanafika mapema zaidi. Wanahisabati wanalijua jambo hilo tangu miaka ya 1960. Sisi wa Dar es Salaam hatuhitaji mwanafizikia. Siku Morogoro Road imefungwa kwa msafara, kuna mtu anapita Kigogo anafika nyumbani kabla ya siku zote, na anajishangaa.

Rudy Gay kule Toronto ndiye shuti la kumi na tisa kwa mwili na damu. Msimu wa 2013 kuingia 2014 alikuwa anashuti karibu mara 19 kwa mchezo, na anaingiza chini ya asilimia 40. Pointi zake ni zaidi kidogo ya 19, kwa hiyo gazetini anaonekana nyota. Timu ilikuwa imeshinda 6 na kupoteza 12. Mkuu mpya wa timu alikuwa Masai Ujiri, Mnigeria, na Desemba hiyo akampeleka Gay Sacramento. Waandishi wengi walidhani anaibomoa timu ili aanze upya. Iliyobaki ikashinda 42 na kupoteza 22.

Mashuti yale 19 yalirithiwa na nani? Hapa ndipo utamu ulipo. Hakuna aliyeyachukua yote. Kyle Lowry aliongeza kidogo, DeMar DeRozan akaendelea na yake, Terrence Ross akapata nafasi, na kutoka Sacramento walikuja watu wanne, kati yao Patrick Patterson na Greivis Vásquez, waliowapa Toronto kitu ambacho hawakuwa nacho: benchi la kweli. Mirathi iligawanywa, kila mrithi akapata shamba dogo analoweza kulilima.

Na Gay mwenyewe? Hili wengi hawalisemi. Kule Sacramento akawa anafunga pointi 20 kwa mchezo na kuingiza asilimia 48. Mtu yule yule, msimu ule ule! Kwa sababu DeMarcus Cousins alikuwa pale ndani, wazuiaji wawili wanamkumbatia, na Gay akawa anapata tui la kwanza badala ya chicha. Lakini Sacramento walimaliza msimu wakiwa wameshinda 28 na kupoteza 54. Basi msiniambie mchezaji alikuwa mbaya, wala msiniambie aliponya timu.

Nikiishia hapo mtaondoka mnasema mzee amekuja kuwatukana wafungaji. Hapana. Twendeni Chicago.

Oktoba 1993 Michael Jordan akatangaza kustaafu. Bulls walikuwa wameshinda michezo 57 msimu uliopita na kuchukua kombe la tatu mfululizo. Bila yeye wakashinda 55. Tofauti ya michezo 2! Mtu bora kuliko wote ameondoka, na pengo ni michezo 2? Watu walisema sana mwaka ule. Scottie Pippen alicheza kama simba, na timu ile ilikuwa inapiga pasi inapendeza macho. Wakatolewa na New York katika mchezo wa 7 wa raundi ya pili, na mpaka leo kuna watu wa Chicago wanaolia juu ya faulo aliyopigiwa filimbi Pippen mwishoni mwa mchezo wa 5.

Lakini angalieni chini ya zile 55. Msimu wa Jordan walikuwa wanawazidi wapinzani kwa wastani wa pointi 6 hivi kwa mchezo. Msimu bila Jordan, pointi 3. Nusu imeyeyuka. Walikuwa wanashinda, ila kwa kubana pumzi. Msimu uliofuata Horace Grant naye ameondoka, na kabla Jordan hajarudi Machi 1995 walikuwa wameshinda 34 na kupoteza 31. Aliporudi, michezo 17 iliyobaki wakashinda 13. Msimu kamili uliofuata wakashinda 72.

Mwaka wa kwanza bila mfungaji ni mwaka wa furaha. Kila mtu anaona ndiyo nafasi yake, na wapinzani bado wanazuia timu ya zamani. Mwaka wa pili ndipo wapinzani wanapofungua daftari. Hata New York walioizaa ile inayoitwa nadharia ya Ewing, kwamba timu hupona nyota wake akikosekana, ni hivyo hivyo, ila kwao haikuchukua mwaka, ilichukua wiki. Mwaka 1999 Patrick Ewing aliumia kano ya kisigino, hakucheza tena baada ya mchezo wa pili dhidi ya Indiana, ngoma ikiwa 1 kwa 1. Wenzake wakashinda michezo 3 kati ya 4 iliyofuata na kuingia fainali wakitokea nafasi ya 8. Nadharia ikapata nguvu. Fainali wakawakuta Tim Duncan na David Robinson, warefu wawili wa Spurs, na hapo kila mtu akakumbuka Ewing alikuwa anafanya kazi gani. Walifungwa 4 kwa 1.

Na Memphis niliowasifu? Fainali ya Kanda mwaka 2013, Spurs wale wale waliwajazia watu chini ya ringi, wakawaachia nje. Zach Randolph, nguzo yao, mchezo wa kwanza alipata pointi 2. Hapakuwa na mtu wa kusema, "Nipeni mpira, nitajua mwenyewe." Mtu wa namna hiyo walikuwa wamemuuza Toronto miezi minne kabla. Walifungwa 4 kwa 0.

Kuna Ujiri tena, na mimi huyu namheshimu kwa sababu hakuwa mtumwa wa hadithi yake mwenyewe. Mtu aliyemwondoa mfungaji mwaka 2013 na kusifiwa dunia nzima, mwaka 2018 akamtoa DeRozan kwenda kumchukua Kawhi Leonard, mfungaji mkubwa zaidi. Msimu ule Kawhi alikosa michezo 22, na Toronto walishinda 17 kati ya hiyo. Mnaona? Mwenye nadharia angesema, "Muuzeni, hatumhitaji."

Kisha Mei 2019, mchezo wa 7 wa mtoano dhidi ya Philadelphia. Wazuiaji wa Philadelphia walikuwa warefu, wakali, wenzake Kawhi wamefungwa mikono. Kawhi alishuti mara 39. Thelathini na tisa! Aliingiza 16. Hiyo ni asilimia 41, karibu na ile ya Gay tuliyoicheka sasa hivi. La mwisho alilipiga kwenye kona ya kulia, anaanguka nje ya uwanja, mkono wa Joel Embiid usoni, mpira ukadunda juu ya ringi mara nne, king'ora kimeshalia, ukaingia. Toronto 92, Philadelphia 90. Mwezi uliofuata wakachukua ubingwa.

Mbona chicha ya Kawhi ilikuwa halali na ya Gay haramu? Kwa sababu siku ile warithi hawakuwa na kitu. Ukikamua chicha wakati jirani ana nazi nzima, wewe mjinga. Ukikamua chicha kijiji kizima hakina nazi, wewe ndiye unayelisha watu. Asilimia ya mfungaji peke yake hainiambii chochote mpaka nijue shuti lile lingekwenda kwa nani, akiwa amesimama wapi, na siku gani.

Nirudi kwenye timu yangu, maana sikuwamalizia. Mwaka uliofuata mfungaji wetu alimaliza kidato cha nne akaondoka. Mimi nikafurahi kimoyomoyo, nakumbuka ile nusu fainali, nakumbuka mikono kifuani. Yule mwembamba wa kushoto sasa ndiye tegemeo. Mchezo wa kwanza wa mashindano, wapinzani wakamwekea watu wawili. Kumbe ile kona aliyokuwa anasimama peke yake ilikuwa tupu kwa sababu wazuiaji walizoea kumkimbilia mwenzake! Hata siku ile ya malaria, nadhani wapinzani walikuja na mpango wa kumzuia mtu aliyekuwa bwenini. Sasa mpango ulikuwa wake. Akashuti, akashuti, na mimi pembeni, Mungu anisamehe, nikajisikia nasema, "Mpe!" Tulitoka siku ya kwanza. Tulirudi nyumbani hata wali wa jioni haujaiva.

Basi kwa nyinyi mnaoandaa vijana wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, sitawaambia muwatoe wafungaji wenu. Nitawaambia muandike. Mimi sikuandika. Kila shuti, nani kapiga, kaachwa au kabanwa, limeingia au halikuingia. Daftari la shilingi mia tano linatosha msimu mzima. Mkitazama baada ya michezo sita mtaona wenyewe shuti la kumi na tisa lina sura gani, na mtaona pia ni mashuti mangapi ya wenzake yalikuwa matupu kwa sababu yeye alikuwa upande wa pili amewavuta watu wawili. Hayo ya pili hayamo kwenye pointi zake, lakini ni yake.

Na vijana wa kule nyuma, wewe hasa wa jezi namba 8, nimekutazama mchana wa leo. Una mkono mzuri. Kila ulipokuwa na mpira nilikuwa sikutazami wewe, natazama mikono ya wenzako.

Kesho saa 12 na nusu asubuhi, kabla jua halijachoma sakafu, nataka watano kwa watano, dakika 20. Dakika 10 za kwanza namba 8 acheze kama kawaida. Dakika 10 za pili ruhusa anayo ya kukimbia, kukata, kuzuia, kupiga pasi, kila kitu isipokuwa kushuti. Kocha wake asimame upande ule, akae kimya, na neno "mpe" nisilisikie. Mimi nitakaa ukutani naandika mashuti yote. Mwenyekiti ametuahidi mipira mitatu, na chaki ninayo mimi.